UZI: Riwaya ya msomi aliyebaki maskini, ahadi ya shule ivunjikie ngazi ipi?

MkwajuWaKongwa (mwanzisha uzi)

Wadau wa uandishi, salaam.

Miswada ya waandishi chipukizi wa Dodoma, Singida na Manyoni inapita njia moja. Mtoto anazaliwa kijijini, baba anauza ng'ombe, mtoto anasoma hadi chuo kikuu, anavaa joho, ajira inakosekana, anaishia kwenye bodaboda. Mada ni ya kweli na inauma. Ila kati ya joho na pikipiki mwandishi anaruka miaka minne kwa sentensi moja: "Alitafuta kazi bila mafanikio." Hadithi yenyewe ilikuwa humo ndani ya hiyo miaka minne, na imeachwa.

Hoja yangu ni hii. Ahadi ya "soma uje utukomboe" haivunjiki yote kwa siku moja. Inavunjikia kwenye ngazi fulani, kwa karatasi fulani, mwaka fulani, na yupo mtu aliyeilipia ngazi hiyo kwa kitu kinachohesabika. Mwandishi asiyejua ngazi, karatasi, mwaka na kiasi ataishia kulalamika, na malalamiko hayabebi kurasa 200.

Kwa hiyo anza na mwaka wa kuzaliwa wa mhusika, kabla hata ya jina lake. Ukiusogeza miaka miwili tu, msiba wake unakuwa mwingine kabisa.

Mpe 1993. Anaanza darasa la kwanza 2000, la saba 2006, kidato cha nne 2010, cha sita mwanzoni mwa 2013, shahada ya miaka mitatu katikati ya 2016. Juni 2016 Serikali ilisitisha ajira mpya kupisha uhakiki wa watumishi. Kama alisomea ualimu pigo ni kubwa zaidi, maana waliomtangulia walizoea kupangiwa vituo moja kwa moja baada ya chuo. Kijiji kizima kinajua utaratibu huo wa zamani. Hakuna atakayemwelewa akisema "nasubiri".

Mpe 1995. Kidato cha nne kinaangukia 2012. Huyu alianza sekondari 2009 kwenye shule ya kata, zile zilizojengwa kwa kasi kuanzia 2004 chini ya MMES (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari), nyingi zikiwa na walimu wachache na bila maabara. Matokeo yalitoka Februari 2013 na zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima walipata sifuri. Baadaye mwaka huohuo Serikali ikayafuta na kuagiza yapangwe upya, na baadhi ya waliokuwa na sifuri wakapanda. Mhusika wako basi ana matokeo mawili ya mtihani mmoja. Katika miezi ile ya katikati familia ilishaamua nini? Ilishamwoza? Ilishampeleka Dar kufanya kazi za ndani? Uamuzi ule haurudi nyuma hata karatasi mpya ikija.

Mpe 1997. Kidato cha nne 2014, matokeo yakatolewa kwa mtindo wa GPA (wastani wa pointi) badala ya madaraja, kisha madaraja yakarudi. Baba aliyejifunza kwa shida kwamba "wani" ni nzuri na "ziro" ni mbaya anasomewa maneno ambayo hata mwenyekiti wa kijiji hayajui.

Na baba naye apewe mwaka wake. Waandishi wengi wanamchora baba mjinga anayeamini shule kama anavyoamini mvua. Si haki. Imani ya baba ina ushahidi aliouona kwa macho. Azimio la Musoma lilikuwa 1974, elimu ya msingi kwa wote (UPE) ikaanza 1977, na kwa kukosa walimu Serikali ikawachukua vijana waliomaliza darasa la saba na kuwafunza ualimu hukohuko vijijini. Mwalimu wa UPE alikuwa na cheti cha darasa la saba, mshahara na baiskeli. Baba alimwona jirani yake akiezeka bati kwa cheti cha darasa la saba. Leo mwanawe ana shahada na nyumba bado ni tembe. Baba hakudanganywa na mtu. Ushahidi wake ulichakaa bila yeye kujua, na huo ndio moyo wa riwaya hii.

Karibuni tujenge, ngazi kwa ngazi.

---

Fundi_Sentensi

Mkuu Mkwaju, nimekusoma. Naongeza daftari la gharama. Kabla ya kuandika sura ya kwanza, chora safu tatu: nani alitoa, alitoa nini, alitegemea kupata nini. Safu ya tatu ndiyo inayoendesha hadithi.

Usiandike "wazazi walijinyima". Chukua fomu ya kujiunga na kidato cha tano cha bweni uisome mstari kwa mstari: godoro, shuka, ndoo, jembe au fyekeo, ufagio, rimu ya karatasi, sare, viatu vyeusi, nauli. Kila mstari mpe mwenyewe. Godoro limenunuliwa na mjomba. Rimu ni fedha ya vicoba ya mama. Nauli ni ya dada aliyeacha shule darasa la sita kwa sababu mtu wa kuchunga mbuzi hakuwepo. Mjomba anategemea kijana wake aje apokelewe mjini. Mama hategemei kitu, au ndivyo anavyosema. Dada anategemea cherehani aliyoahidiwa siku moja wakiwa kisimani, na mtoa ahadi ameshasahau.

Ada iliondolewa hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na kidato cha tano na sita kuanzia mwaka wa fedha 2022/23. Mwandishi anayeweka tukio 2019 halafu mtoto wa kidato cha pili shule ya serikali anafukuzwa kwa ada ameharibu kitabu chake. Baada ya 2016 kinachombana ni sare, chakula, michango na chumba.

Na kalenda ya kilimo ioane na kalenda ya shule, la sivyo umeandika mkoa mwingine. Kanda ya kati ina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili hivi. Uwele na mtama vinavunwa Mei na Juni. Shule zinafunguliwa Januari, ghala likiwa limebaki vumbi na kila mwenye mbuzi anataka kuuza anunue mahindi. Mbuzi wa Januari anauzwa kwa bei ya kuonea huruma. Kidato cha tano kinaanza Julai, baada ya mavuno, baba anaweza kupumua. Chuo kinafunguliwa Oktoba au Novemba, malisho yamekauka na ng'ombe mbavu nje. Baba wa Dodoma anauza mifugo kwenye miezi mibaya kuliko yote, mara mbili kwa mwaka, kwa miaka. Ukionyesha mnada mmoja tu wa Januari vizuri, mnunuzi anashika nundu, anatingisha kichwa, anataja bei na kuondoka akijua ataitwa, hutahitaji tena kuandika neno "umaskini".

---

BintiMvumi

Nakuunga mkono, Fundi. Mimi niseme kuhusu mtihani, kwa sababu waandishi wanauandika vibaya sana.

Mtoto wa shule ya msingi ya serikali anasoma kwa Kiswahili miaka saba. Januari anaingia kidato cha kwanza, Baiolojia, Historia na Hisabati zinageuka Kiingereza. Mtoto aliyekuwa wa tatu darasani anakuwa bubu. Waandishi wanalieleza hili kwa aya ya maelezo. Lieleze kwa vitendo: anakariri notisi nzima ubaoni pamoja na makosa ya tahajia ya mwalimu, anajibu swali la "eleza" kwa kunakili swali lenyewe, anafaulu Kiswahili peke yake. Mwalimu anauliza kwa Kiingereza kama wameelewa, darasa zima linaitikia kwa pamoja kwamba limeelewa. Mwitikio huo ukirudiwa mara tatu katika sura, msomaji atauogopa.

Sasa hesabu. Kidato cha nne: A ni 75 hadi 100, B 65 hadi 74, C 45 hadi 64, D 30 hadi 44, chini ya hapo F. Pointi A ni 1, F ni 5, unahesabu masomo saba yaliyo bora. Daraja la kwanza pointi 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, la nne 26 hadi 33, sifuri 34 na 35. Kwa hiyo ukiandika "alipata daraja la nne, pointi 24" msomaji aliyewahi kusimama mbele ya ubao wa matangazo atafunga kitabu.

Angalieni pointi 33. Inaweza kuwa D mbili na F tano. Mtoto huyu anapata cheti, jina lake halimo kwenye sifuri, bibi anachinja kuku. Kidato cha tano kinataka C tatu angalau. Amefaulu na hana pa kwenda, kwa karatasi ileile. Ngazi hii imebeba vijana wengi kuliko ngazi ya chuo kikuu, ila waandishi wanaikimbilia UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) kwa sababu joho linapendeza kwenye jalada.

Jambo jingine ni geto. Shule ya kata ikiwa mbali, kilomita kadhaa za vichaka, watoto wanapanga chumba karibu na shule. Wanne chumba kimoja, kila mmoja na debe lake la unga, jiko la mafiga, hakuna mtu mzima. Mimba nyingi za kwenye riwaya zetu zinatokea bila mahali. Zinatokea kwa sababu ya umbali, njaa ya tarehe 20 unga ukiisha, na mwenye pikipiki anayepita kila siku akimpa lifti. Mpe mhusika umbali na unga, msomaji atamwelewa bila wewe kumhukumu.

Kisha angalieni mwaka. Kabla ya Novemba 2021 msichana aliyepata mimba hakuruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi wa shule za serikali. Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 ukaruhusu. Hadithi ya 2018 na hadithi ya 2023 haziwezi kuwa na mlango uleule. Ya 2023 mlango uko wazi, na kinachomzuia ni nani atakayebaki na mtoto saa kumi na mbili asubuhi.

---

Zabibu_Mbichi

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mgeni kwenye uandishi. Mhusika wangu aliingia UDOM akitokea kidato cha nne, kwenye stashahada maalum ya ualimu wa sayansi. Naweza kutumia tukio la 2016, au ni siasa mno?

---

Nyakati

Marahaba. Tumia. Ni jambo la hadharani na lina tarehe. Mwishoni mwa Mei 2016 Serikali iliwaondoa chuoni wanafunzi wa programu hiyo, zaidi ya 7,000, wakapewa saa 24. Sababu iliyotajwa ni kwamba wahadhiri walikuwa wamegoma kuwafundisha. Baadaye wenye sifa walipangiwa vyuo vya ualimu.

Ushauri wa kazi: usiweke hotuba ya waziri, wala usimpe mhusika maneno ya kujibu hotuba. Weka vitu. Begi lisilofungika. Ndoo. Simu isiyo na chaji. Watu 7,000 wakitafuta usafiri mara moja, nauli inapanda, na mwenye geti la jirani anauza maji. Mhusika hana nauli ya kufika Kigoma. Analala wapi usiku wa kwanza? Sura nzima iko kwenye swali hilo.

Angalia pia ramani. Mei 2016 stendi kuu mpya ya Nzuguni ilikuwa haijajengwa. Mji wa Serikali Mtumba haukuwepo. Tangazo la Serikali kuhamia Dodoma lilikuja Julai 2016, na Dodoma ikawa jiji Aprili 2018. Treni ya umeme (SGR) kutoka Dar ilianza kufikisha abiria Dodoma Julai 2024. Nimesoma mswada ambao mtu wa 2015 anashuka SGR.

Sasa usaili, ambao ndio Dodoma yenyewe siku hizi. Mpangilio ni huu. Tangazo linatoka, mhusika anaomba kupitia Ajira Portal, tovuti ya maombi ya ajira serikalini. Majina ya walioitwa yanatoka kwenye faili refu. Anatafuta jina lake kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Kuna usaili wa mchujo, ambao ni wa kuandika, kisha kwa baadhi ya kada usaili wa vitendo, kisha wa mahojiano. Kila tangazo linaeleza kwamba msailiwa atajigharamia usafiri, chakula na malazi. Aje na vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa, kidato cha nne, cha sita, hadi cha taaluma. Hati za matokeo na barua za kuthibitisha kwamba amemaliza hazikubaliwi.

Karatasi inavunjia ahadi hapahapa, na kwa ukimya. Mhusika ana hati ya matokeo ya chuo, cheti chenyewe hajakichukua kwa sababu bado ana deni chuoni na fomu ya kuondoka haijasainiwa. Au majina hayafanani: cheti cha kuzaliwa kilichukuliwa ukubwani na kina jina la ubatizo, cha kidato cha nne kina jina la babu, cha chuo kina yote matatu kwa mpangilio mwingine. Bila hati ya kiapo ya majina iliyosajiliwa anarudishwa mlangoni. Amesafiri kutoka Kibondo kwa fedha ya kukopa, amefaulu masomo yote, na anarudishwa na herufi. Mwandishi mvivu anaweka afisa mla rushwa hapo. Afisa wako awe mpole, afuate tangazo, amwambie "pole mdogo wangu, mwingine". Upole huo unaumiza kuliko rushwa.

Kuhusu wingi wa watu: Juni 2014 zaidi ya watu 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa kwa nafasi 70 za Uhamiaji, na mwanzoni mwa 2025 watu zaidi ya 135,000 waliomba nafasi 1,596 za TRA, mamlaka ya mapato. Wewe mwandishi zijue namba hizi, lakini zisiingie kwenye masimulizi. Mhusika hazioni. Anachokiona ni kwamba foleni imepinda kona na mtu aliye mbele yake alisoma naye mwaka mmoja, halafu aliye nyuma yake alimfundisha.

---

Mhariri_wa_Kikuyu

Naomba nipingane kidogo na mwanzisha uzi. Mkibaki kwenye karatasi na kiasi peke yake mtapata ripoti nzuri. Waliotangulia kuiandika mada hii walijua kwamba shule inavunja pia mahali pasipo na risiti.

Kazimoto wa *Kichwamaji* ya Kezilahabi (1974) ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Hakosi cheti. Anarudi kijijini akiwa hawezi tena kuishi na watu wake wala na nafsi yake, na anaishia kujiua. Njoroge wa *Weep Not, Child* ya Ngũgĩ (1964) ndiye tumaini la nyumba nzima, na anachukuliwa akiwa sekondari na kupelekwa kuteswa wakati wa hali ya hatari Kenya. Historia imemfuata darasani. Jude wa *Jude the Obscure* ya Thomas Hardy (1895) ni fundi mawe aliyejifundisha Kilatini na Kiyunani, akaandikia wakuu wa vyuo, na jibu pekee alilopata likamshauri abaki na ufundi wake. Vitabu vitatu, ngazi tatu tofauti, na cha kwanza hakina ukosefu wa ajira hata kidogo.

Kama kuna nafasi ya kitabu kipya kutoka huku kwetu, ni kitabu cha kusubiri. Kazimoto, Njoroge na Jude hawakukaa miaka sita na shahada kamili wakifungua ukurasa wa ajira kila asubuhi. Hilo ni la kizazi hiki na halijaandikwa vya kutosha.

---

MkwajuWaKongwa

Mhariri, hoja yako naipokea, na bado nasema risiti inaingia hadi nafsini. Chukua *Nervous Conditions* ya Tsitsi Dangarembga (1988). Tambu anakosa ada, analima mahindi yake mwenyewe ayauze, kaka yake anamwibia anawagawia wenzake. Mwalimu anampeleka mjini kuuza, mama wa Kizungu anampa pauni 10, fedha inawekwa kwa mwalimu mkuu, na baba anakwenda kuidai kwamba ni yake. Mahindi, pauni 10, nani anaishika. Kutoka hapo unajua yote kuhusu nafsi ya Tambu, ya kaka na ya baba. Kiasi ndicho kilichofungua nafsi.

Kuhusu kusubiri tuko pamoja. Swali ni jinsi ya kukuandika bila msomaji naye kuchoka.

---

Fundi_Sentensi

Kusubiri kunaandikika ukianza na boom, fedha ya mkopo ya kujikimu chuoni.

Bodi ya Mikopo ilianza kazi 2005. Fedha ya chakula na malazi ilikuwa 8,500 kwa siku kwa miaka mingi, ikawa 10,000 kuanzia 2022/23. Ikilipwa kwa siku 60 ni 510,000 zamani, 600,000 sasa. Mwanafunzi anasaini, fedha inaingia, na siku hiyohiyo simu ya nyumbani inaita. Mdogo wake anadaiwa sare. Paa la jiko limeanguka. Anatuma 150,000. Katika 510,000 amebaki na 360,000 kwa siku 60, yaani 6,000 kwa siku, atoe humo chumba cha Ng'ong'ona, nakala za masomo na kula. Anakula mara moja, chipsi kavu au wali maharage, na GPA inashuka kuanzia hapo.

Tazameni kilichotokea nyumbani lakini. Kwa miaka mitatu familia imepokea fedha kila baada ya miezi miwili. Kwao ahadi imeshatimia. Kijana "yuko Dodoma, anatuma". Siku ya mahafali wanakuja na vigelegele, na hakuna anayejua kwamba siku hiyo ndiyo kipato kimekatika. Kuhitimu ni kufukuzwa kazi. Nimeutafuta mgeuko huu kwenye miswada yetu na sijauona, wote wanaanza mateso baadaye. Yaanzeni kwenye sherehe yenyewe, mhusika ameshika maua ya karatasi huku akihesabu.

Hapo kusubiri kunakuwa na sauti: simu za nyumbani, kwanza kila wiki, kisha kila mwezi, kisha mama peke yake. Unaweza kupanga sura zote za miaka minne kwa simu hizo, kila moja na ombi dogo kuliko la mwisho. Siku watakapopiga bila kuomba kitu, msomaji anajua wameacha kuamini.

Deni nalo lipo. Sheria ya 2016 ilipandisha makato hadi asilimia 15 ya mshahara kwa aliyeajiriwa. Kabla yake yalikuwa asilimia 8. Tozo ya kulinda thamani ya asilimia 6 iliondolewa 2021. Ukimwajiri mhusika sura ya mwisho, toa hiyo 15 kwanza, kisha bima, kisha mfuko wa pensheni, ndipo aangalie cherehani ya dada.

---

Kibaigwa_Sokoni

Naomba mtu wa bodaboda aheshimiwe. Kwenye miswada anawekwa kama alama ya aibu. Ile ni kazi yenye hesabu, na msomi anaingia akiwa hajui hesabu zake.

Mkataba wa kawaida: mwenye chombo anakupa pikipiki, unamletea hesabu kila siku, tuseme 10,000, siku sita kwa wiki, mwaka na zaidi kidogo, mwishoni chombo kinakuwa chako. Ukichukua siku 26 kwa mwezi, miezi 14, umelipa 3,640,000. Taslimu pikipiki hiyohiyo inanunuliwa kwa chini ya hapo, ila hana taslimu. Mafuta, oili, tairi na faini ni juu yake. Wengi wanapoteza chombo mwezi wa tisa au wa kumi: malaria wiki moja, hesabu ya siku sita imelala, mwenye mali anachukua chake, na miezi tisa yote imepotea kwa sababu mkataba ulikuwa wa mdomo. Msomi wa sheria aliyeingia mkataba wa mdomo. Hiyo ni sura, na haihitaji mwandishi kuongeza neno.

Zipo kazi nyingine. Kujitolea kufundisha, wazazi wakichanga, kilo ya mahindi hapa na elfu mbili pale. Uwakala wa fedha za simu, ambako mtaji wa kuzungusha ukiwa mdogo wateja wanahamia fremu ya jirani kufikia saa tano asubuhi. Shamba la zabibu: mavuno mara mbili, Februari hadi Machi na Agosti hadi Septemba, lakini mche unataka miaka miwili mitatu kabla ya kuzaa vizuri, na zabibu ikiiva haingoji bei, mnunuzi anajua hilo. Mkopo wa halmashauri unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambapo fungu la vijana ni asilimia nne: lazima kikundi, katiba, akaunti. Kati ya Aprili 2023 na katikati ya 2024 ulisitishwa, kwa hiyo kikundi chako cha 2023 kisipate fedha.

Kila moja kati ya hizi inafaa kwa jinsi inavyoharibika. Mwandishi achague moja aijue hadi mwisho.

---

BintiMvumi

Nirudi kwa dada wa Fundi, yule wa mbuzi. Naona kila mtu anampita.

Katika daftari la gharama yeye ndiye mkopeshaji mkubwa. Alitoa miaka yake ya shule. Kama riwaya ina msimulizi mmoja, ningempa yeye. Msomi akisimulia kushindwa kwake anajionea huruma, hawezi kukwepa. Dada akisimulia, anaona vitu viwili kwa pamoja: kwamba kaka hana kosa, na kwamba yeye alilipia kitu kisicholetwa. Hawezi kumlaumu na hawezi kusamehe deni, na wako jiko moja.

Kuna pia jambo la 2017 linalomfaa. Aprili mwaka ule, palepale UDOM, Rais alipokea ripoti ya uhakiki wa vyeti, watumishi 9,932 wakakutwa na vyeti vya kughushi. Mpe kijiji hicho mtu mmoja kati yao, karani mstaarabu, aliyejenga nyumba ya bati na kusomesha watoto kwa cheti cha kuazima miaka 20. Anarudi kijijini msimu uleule ambao kaka mwenye cheti halali yuko nyumbani akisubiri. Dada anawaona wote wawili wamekaa chini ya mbuyu mmoja mchana. Usimpe maoni. Mpe kazi ya kuwapelekea maji.

---

Zabibu_Mbichi

Dada BintiMvumi, asante. Je, si hatari kwamba mzazi wa Bahi akisoma kitabu hiki atamtoa mtoto shule?

---

Nyakati

Swali lako ni la maana na lijibiwe ndani ya kitabu. Machi 1967, kwenye *Elimu ya Kujitegemea*, Mwalimu Nyerere alishasema elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, kwa kuwa wengi hawataendelea mbele. Onyo ni la zamani kuliko wazazi wa wahusika wetu. Mzazi wa Bahi anaona kwa macho wahitimu waliokaa nyumbani. Ukimficha atakuona mwongo. Onyesha kwamba kazi iliyoahidiwa na elimu iliyobaki kichwani ni vitu viwili. Kaka asiye na ajira ndiye anayeusoma mkataba wa mnunuzi wa zabibu na kuona kipengele kinachomruhusu kukataa mzigo shambani. Kukiona mapema kumenusuru mavuno ya watu 12. Hakuna aliyemlipa. Yote mawili yawe kweli kwa wakati mmoja, usichague.

Na kama hadithi yako ni ya leo, kumbuka sera iliyozinduliwa hapa Dodoma 1 Februari 2025: elimu ya lazima miaka 10, msingi miaka sita. Mtoto anayeanza sasa hatakuwa na "darasa la saba" wala cheti chake. Bibi yake bado atalisema neno hilo.

---

MkwajuWaKongwa

Wadau, tufanye kazi. Anayetaka mswada wake usomwe aweke hapa vitu vinne kabla ya sura yoyote: mwaka wa kuzaliwa wa mhusika na wa mzazi wake; ngazi inapovunjikia, moja tu; karatasi inayovunja, na nani anaishika mkononi; daftari la gharama lisilopungua watu watano. Kisha kurasa 10 za kwanza.

Zabibu_Mbichi, wewe tayari una ngazi na mwaka. Unakosa daftari. Anza na nauli ya kwenda Kigoma usiku ule wa Mei, aliitoa nani.